Nyumba ya Kwenda Juu: Mnara wa Aughnanure na Watu Wake



Mgeni aliyefika kwenye mnara wa Aughnanure, huko Ayalandi, miaka mia tano iliyopita alisimamishwa mara tatu kabla hajaketi. Alisimama kwenye boma la nje, akaulizwa ni nani. Akasimama tena kwenye boma la ndani. Kisha akafika mlangoni pa mnara wenyewe, na hata alipofunguliwa hakuwa ameingia nyumbani bado. Aliingia katika kijichumba cha giza, chembamba, na akiinua macho aliona tundu kwenye dari, juu ya utosi wake. Aliyekuwa juu ya tundu hilo alimwona yeye, naye hakumwona mtu.

Lakini mgeni huyohuyo, akishatambuliwa, alipandishwa ngazi hadi ukumbini, akaketishwa karibu na moto, akapewa kinywaji kabla hajasema kilichomleta. Tundu la kumuulia na kikombe cha kumkaribishia vilikuwa chini ya paa moja, kati yao ngazi tu. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze jioni hii. Minara ya namna hii imezoeleka kuitwa ngome, na maelezo wanayopewa watalii mara nyingi huishia kwenye mishale na mawe ya kuporomoshwa. Mimi nashikilia kwamba ilikuwa nyumba kwanza. Ilikuwa nyumba ya watu waliomwogopa jirani, na papo hapo wakaona ni fedheha kubwa kumlaza mgeni na njaa. Asiyeyaona yote mawili ataipanda ngazi ile na kushuka bila kuielewa.

Kisiwa cha Ayalandi kingeingia ndani ya Tanzania mara kumi na nafasi ingebaki. Katika kisiwa hicho, kati ya karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 17, ilijengwa minara ya kuishi zaidi ya 3,000. Uskoti nao unayo, na mpaka wake na Uingereza unayo, ila si kwa wingi huo. Ukishika njia katika wilaya za Limerick, Clare, Galway, Tipperary au Cork, huwezi kwenda mbali bila kuona mmoja umesimama peke yake katikati ya malisho, paa limeondoka, mitambaazi imefunika upande mmoja, ng'ombe wanalala kivulini pake. Wenyewe walikuwa wa kila namna. Wengi walikuwa mabwana wa Kigaeli, wenye koo zinazoanza na O na Mac. Wengine walikuwa wajukuu wa Wanormani waliovuka bahari katika karne ya 12, wakaoa huko, wakajifunza Kiayalandi, wakawa wenyeji kuliko wenyeji. Hata wafanyabiashara wa miji ya bandari kama Carlingford na Dalkey walijenga minara, bidhaa chini, familia juu.

Kwa nini wakati ule? Karne ya 14 iliitesa Ayalandi. Mwaka 1315 Edward Bruce alivuka kutoka Uskoti na jeshi, na vita vyake vya miaka mitatu viliangukia kipindi kilekile cha njaa kuu ya Ulaya. Mwaka 1348 ikaja tauni, ikaua zaidi mijini, walikokaa Waingereza. Mkono wa mfalme wa Uingereza ukafupika, hata ukabaki kushika vizuri eneo la kuizunguka Dublin tu. Kwingineko kila bwana alikuwa mlinzi wa nafsi yake na wa watu wake. Pasipokuwa na dola ya kumlinda mtu, mtu hujilinda kwa ukuta.

Kuna sheria moja ambayo kila anayeandika juu ya minara hii huitaja, nami siwezi kuipita. Mwaka 1429, katika enzi ya Henry VI, iliamuliwa kwamba mtu mtiifu kwa mfalme katika wilaya za Dublin, Meath, Kildare na Louth, akijenga mnara ndani ya miaka kumi, atapewa pauni 10. Vipimo viliandikwa kabisa: urefu futi 20, upana futi 16, kimo futi 40. Kwa mita ni kama 6 kwa 5, na kwenda juu 12. Harold Leask, mkaguzi wa majengo ya kale aliyeandika mwaka 1941 kitabu kilichosomwa sana juu ya ngome za Ayalandi, aliona katika ruzuku hiyo chimbuko la ujenzi wote. Nampa Leask heshima yake, kwa kuwa bila yeye wengi wetu tusingejua tuanzie wapi. Lakini watafiti waliomfuata walimpinga, na mimi niko upande wao. Minara iliyojaa zaidi iko magharibi na kusini, kwa watu ambao hawakuwahi kupokea hata senti ya mfalme na wengi wao hawakumtaka. Pauni 10 za Dublin haziwezi kueleza minara mia kadhaa ya Limerick. Tena anayetunga sheria ya kutoa vipimo vya kitu, kwa kawaida ameshakiona mahali kimejengwa.

Basi turudi Aughnanure. Jina ni la Kiayalandi, Achadh na nIubhar, maana yake shamba la miti ya iúr, mti mgumu usiopukutisha majani, ambao zamani walichongea pinde. Mnara uko karibu na mji mdogo wa Oughterard katika wilaya ya Galway, kando ya mto Drimneen, si mbali na ziwa kubwa la Corrib. Una ghorofa sita, na ulijengwa takriban mwaka 1500 na ukoo wa O'Flaherty.

Hao O'Flaherty walikuwa watu waliokwisha kuhamishwa. Nchi yao ya asili ilikuwa mashariki ya ziwa, kwenye malisho mazuri. Katika karne ya 13 ukoo wa de Burgo, Wanormani, ukawasukuma wavuke kwenda magharibi, kwenye mawe na matope ya Connemara. Huko wakajijengea utawala mpya, wakawa mabwana wa Iar Connacht, na hawakusahau. Mji wa Galway, uliokuwa mikononi mwa familia za wafanyabiashara, uliwaogopa. Masimulizi yanasema juu ya lango la magharibi la mji kuliandikwa dua ya kuomba Mungu awaepushe na ukali wa O'Flaherty. Dua hiyo tunaipokea kama masimulizi. Ila sheria ya mji ya mwaka 1518 inajulikana: hakuna O wala Mac atakayetembea kwa maringo katika mitaa ya Galway. Ukisoma sheria ya namna hiyo unajua kwamba kuna watu walikuwa wanatembea kwa maringo.

Sasa tuujenge mnara, maana watu husifu ukuta wakasahau uashi. Jiwe la huko ni jiwe la chokaa, la kijivu, na jiwe hilohilo likichomwa kwenye tanuu ndilo linalotoa chokaa ya kuunganishia. Kuta zilijengwa kwa nyuso mbili za mawe yaliyopangwa vizuri, na katikati kukajazwa kifusi na chokaa. Unene ulikuwa mita moja na nusu, mahali pengine ukapita mbili. Chini kabisa ukuta ulipanuliwa ukawa na mteremko, kama mtu aliyetanua miguu ili asisukumwe. Mteremko ule ulisaidia kubeba uzito, ukawazuia wachimbaji wa misingi, na jiwe lililodondoshwa kutoka juu lilipoupiga lilirukia mbele, likawafuata watu walikosimama.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote katika majengo haya hakiko nje. Kiko kwenye dari la chumba cha chini, au la ghorofa nyingine iliyojengwa kwa tao la mawe. Tao la mawe halisimami lenyewe mpaka jiwe la mwisho liingie, kwa hiyo lazima liwe na kitu cha kulibeba wakati linajengwa. Waashi wa Ulaya kwingineko mara nyingi walitumia mbao. Waashi wa Ayalandi walichukua fito za kichaka kiitwacho hazeli, wakazifuma kama unavyofumwa mtego wa samaki, mkeka mgumu wa fito, wakaupinda juu ya miti ya kushikilia hadi ukapata umbo la tao. Juu ya mkeka wakamwaga chokaa nzito, na juu ya chokaa wakapanga mawe, kutoka pande zote mbili, mpaka yakakutana katikati. Wakasubiri. Chokaa ilipokauka wakaondoa miti, wakabandua mkeka.

Chokaa ni kitu chenye kumbukumbu. Ukisimama chini ya dari hizo leo na taa mkononi, unaona kila ufito ulipopita juu ya mwenzake na ulipopita chini, fundo la tawi lilipokatwa, mahali mfumaji alipoongeza ufito mpya kwa kuwa wa kwanza uliisha. Mwanga ukilimulika kwa upande, dari zima linaonekana kama sehemu ya ndani ya kikapu. Kuna dari ambazo vipande vya fito vyenyewe bado vimenasa kwenye chokaa, na wataalamu wamevichukua vikapimwa kwa njia ya kaboni ili kujua umri wa jengo. Jina la bwana aliyeagiza mnara mara nyingi tunalo. Jina la aliyefuma mkeka ule halipo popote. Alama ya mikono yake ipo, na ni wazi zaidi kuliko alama yoyote ya bwana wake.

Chumba hicho cha chini hakikuwa cha kukaa watu. Kilikuwa ghala: nafaka, nyama ya chumvi, siagi, mapipa. Mwanga uliingia kwa nyufa nyembamba zisizopitisha hata kichwa cha mtoto. Mlango wa mbao ulifungwa kwa gogo lililoingia kwenye tundu la ukutani, na katika minara mingi mbele ya mlango palikuwa na wavu wa chuma uliovutwa kwa mnyororo kutoka ndani. Tundu la mnyororo utaliona bado, limetobolewa kwenye jiwe pembeni mwa mlango. Adui aliyepita yote hayo alijikuta katika kijichumba nilichokitaja mwanzo, chini ya tundu la dari.

Halafu ngazi. Ngazi ya mnara hujipinda kama konokono ndani ya unene wa kona, kila kidato jiwe moja, na ncha za ndani za vidato zikipandana zinakuwa nguzo ya katikati. Mtaambiwa kwamba ilipindishwa kuelekea kulia ili anayejihami juu awe na nafasi ya kuzungusha upanga na anayepanda abanwe na nguzo. Ni maelezo yanayovutia, yalienezwa mwanzoni mwa karne ya 20, na hayaniridhishi. Ngazi nyingine zimepinda upande wa pili bila sababu ya kivita. Na tuulize swali la nyumbani: ni nani aliyepanda ngazi ile kila siku? Mtumishi mwenye sinia la nyama. Msichana mwenye ndoo ya maji. Mzee anayeshika ukuta. Vidato vimelika katikati kwa nyayo za watu wa kazi, siku baada ya siku, na siku za upanga zilikuwa chache.

Ukipanda, nyumba inabadilika tabia. Kila ghorofa madirisha yanapanuka kidogo. Yanaanza kupata vichwa vilivyochongwa kwa mkunjo mzuri, na ndani ya unene wa ukuta, pande mbili za dirisha, vimejengwa viti vya mawe vinavyotazamana, ambapo watu wawili waliweza kuketi kwenye mwanga, mmoja akashona na mwingine akazungumza. Vyumba vidogo vya kulala vimejificha ndani ya ukuta. Vyoo vimo humohumo, kiti cha jiwe chenye tundu, na mfereji unaoshuka ndani ya ukuta hadi nje chini. Hofu imebaki kwenye ghorofa za chini. Mjenzi aliipanga nyumba yake hivyo kwa makusudi: giza na mabavu kwenye mguu, mwanga na heshima kifuani.

Ukumbi ndio kilele. Katika minara mingi chumba kikubwa kuliko vyote, chenye madirisha bora kuliko yote, kiko ghorofa ya juu. Tunaye shahidi wa huko. Luke Gernon, Mwingereza aliyekuwa hakimu Limerick, aliandika mnamo mwaka 1620 jinsi mgeni alivyopokewa katika nyumba hizi. Anaeleza ngazi nyembamba, na ukumbi ulio juu kabisa. Bibi wa nyumba huja kumlaki mgeni pamoja na wanawake wake. Vinywaji vyote vya nyumba huletwa, na bibi mwenyewe huonja kwanza, na kukataa hakuwezekani. Moto umewashwa katikati ya ukumbi, si kwenye bomba la ukutani. Meza inajaa nyama, ingawa Gernon analalamika kwamba mapishi si mazuri. Wakati wa kula mpiga kinubi anakaza nyuzi na kuimba mashairi ya kale. Na anamwonya msomaji wake kwamba akishapanda hatashuka mpaka kesho.

Gernon hakuwa rafiki wa Waayalandi. Alikuwa mtumishi wa serikali iliyowashinda. Ndiyo maana ushahidi wake una uzito: hata mtu wa upande ule aliondoka akiwa ameshiba. Katika jamii ya Kigaeli ukarimu haukuwa hiari ya mtu mwema. Sheria zao za kale ziliuhesabu kuwa wajibu wa mtu kwa kadiri ya cheo chake, na malenga aliyenyimwa alikuwa na uwezo wa kumtungia bwana shairi la kumfedhehesha ambalo lingeishi kuliko ukuta wake. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangelielewa hilo Aughnanure bila kufasiriwa.

Juu ya ukumbi ni paa la mbao za mwaloni, lililoezekwa kwa vigae vya jiwe au kwa nyasi, na kulizunguka ni njia ya kutembea nyuma ya meno ya ukuta, meno ya ngazi-ngazi ambayo ni alama ya Ayalandi. Juu ya mlango, mbali kule juu, kimejengwa kibaraza cha mawe kinachotokeza nje bila sakafu, ili aliye juu aweze kumdondoshea jiwe aliye mlangoni. Aughnanure una vibaraza hivyo, na kwenye kona mbili, kadiri ya katikati ya mnara, una vijumba vya walinzi vilivyotokeza kama viota.

Mnara haukuwa peke yake, ingawa leo mingi inaonekana hivyo. Ulizungukwa na ukuta ambao Waayalandi waliuita bábhún. Wengi hulieleza neno hilo kuwa ngome ya ng'ombe, na neno letu boma linalibeba vizuri kabisa. Utajiri wa bwana wa Kigaeli haukuwa dhahabu. Ulikuwa ng'ombe. Mahari, kodi, faini ya kuua mtu, vyote vilihesabiwa kwa ng'ombe, na vita vingi vilikuwa uvamizi wa usiku wa kuwachukua. Kwa hiyo jioni mifugo iliingizwa ndani. Picha ya mnara kimya juu ya kilima inatudanganya. Tuweke harufu ya samadi, moshi wa jiko, mbwa, karakana ya mhunzi, vibanda vya nyasi vya watumishi vilivyoegemea ukuta, na kelele za ndama. Kuta zenyewe mara nyingi zilipakwa chokaa nyeupe, hata mnara ukaonekana toka mbali kama kitu kipya. Aughnanure ulikuwa na maboma mawili, moja ndani ya jingine, na katika la ndani umebaki mnara mdogo wa duara wa mlinzi.

Siwezi kuzungumzia minara ya magharibi nikamwacha Gráinne Ní Mháille, ambaye Waingereza walimwita Grace O'Malley. Alizaliwa mnamo mwaka 1530 katika ukoo wa mabaharia wa Mayo, akaolewa kwanza na mmoja wa O'Flaherty, Dónal wa Vita. Baada ya Dónal kuuawa alirudi kwa watu wake na merikebu zake, akaolewa na Richard Burke, mwenye mnara wa Rockfleet ulio kwenye mkono wa bahari ya Clew Bay. Ni mnara wa ghorofa nne, mdogo, mnyofu, maji yakijaa yanaugusa. Mwaka 1574 jeshi lilitumwa kutoka Galway kwenda kuuteka, likashindwa, likarudi. Mwaka 1593, akiwa mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, alipeleka mashtaka yake dhidi ya gavana wa jimbo la Connacht, Richard Bingham, moja kwa moja kwa Malkia Elizabeth, na kabla ya kukutana naye alijibu kwa maandishi maswali 18 juu ya maisha yake na desturi za nchi yake. Majibu hayo yamehifadhiwa. Ndani yake anaeleza kwamba mjane wa Kigaeli hakuwa na haki ya kubaki na ardhi ya mumewe. Mwanamke ambaye sheria haikumpa ardhi alikuwa ameshikilia mnara, na jeshi lilishindwa kumtoa. Hapo unaelewa ukuta ulimaanisha nini kwa aliyekuwa ndani.

Ukuta huo haukuweza kila kitu. Mizinga ilikuja, na kuta zilizosimama wima dhidi ya mishale zilikuwa shabaha nzuri. Mwaka 1572 Edward Fitton, mkuu wa Connacht kwa niaba ya malkia, aliuteka Aughnanure, ukapewa Murchadh wa Mashoka, O'Flaherty mwingine aliyekubaliana na serikali. Ndivyo nchi nyingi zilivyovunjwa: ndugu mmoja hunyang'anywa, ndugu wa pili hukabidhiwa. Katika vita vya Cromwell, kamanda wa Uingereza aliyeivamia Ayalandi, mnara ulitumika kulinda njia ya kuelekea Galway, na mji ulipojisalimisha mwaka 1652 mambo yalikwisha.

Lakini haukuwa mzinga tu ulioiua minara. Watu walichoka kuishi gizani. Nendeni mkaone Leamaneh katika wilaya ya Clare. Upande mmoja ni mnara wa takriban mwaka 1480, mwembamba, nyufa za dirisha kama macho yaliyofumbwa nusu. Ubavuni mwake, umeunganishwa ukuta kwa ukuta, Conor O'Brien na mkewe Máire Rua walijenga katikati ya karne ya 17 nyumba ya ghorofa nne yenye safu za madirisha makubwa ya pembe nne. Ni jengo moja lenye hofu ya babu na matumaini ya mjukuu. Conor aliuawa vitani mwaka 1651. Máire Rua akaolewa na afisa wa jeshi lililomuua mumewe, na mwanawe akabaki na ardhi. Wapo wanaomlaumu. Mimi namwona kama mtu aliyebaki na silaha moja tu akaitumia.

O'Flaherty hawakubahatika hivyo. Ruaidhrí Ó Flaithbheartaigh, aliyezaliwa mwaka 1629 na kuhesabiwa mkuu wa mwisho wa ukoo, alikuwa msomi. Aliandika kwa Kilatini historia ya Ayalandi iitwayo Ogygia, ikachapishwa London mwaka 1685. Ardhi yake ilikuwa imechukuliwa zamani. Mwaka 1709 daktari Thomas Molyneux wa Dublin alimtembelea, akamkuta mzee sana, katika umaskini uliokithiri, kando ya bahari magharibi ya Galway. Molyneux alitarajia kuona miswada ya kale ya Kiayalandi. Hakuona, kwa kuwa nayo ilikuwa imekwenda pamoja na mali nyingine. Mtu aliyeandika historia ya taifa zima alibaki na maandishi machache ya mkono wake na vitabu vichache vya kuchapishwa.

Minara ikawa zizi, ikawa machimbo ya mawe ya kujengea vibanda, ikawa kitu cha kuchorwa na wasafiri. Mmoja wa wilaya hiyohiyo ya Galway, Ballylee, ulinunuliwa na mshairi W. B. Yeats kwa pauni 35, akaukarabati, akakaa humo majira ya joto, na mwaka 1928 akatoa kitabu alichokiita Mnara. Blarney, uliojengwa mwaka 1446, unajulikana dunia nzima kwa jiwe linalobusiwa. Bunratty ulifufuliwa katika miaka ya 1950, na leo wageni hula humo kwa muziki wa kinubi, wakilipia kile ambacho Gernon alipewa bure.

Aughnanure umekarabatiwa na serikali ya Ayalandi, paa limerudi, na ngazi inapandika. Lakini ombi langu kwa atakayejaliwa kufika ni hili: asikimbilie juu. Kwanza atembee hadi ukingoni mwa boma la nje. Hapo palikuwa na ukumbi wa karamu wa O'Flaherty, umejengwa chini kwenye ardhi tambarare, nje ya mnara, wakati ambapo ukoo ulijiona salama vya kutosha kualika watu wengi kwa pamoja. Mto ulipita chini ya mwamba, mwamba ukaporomoka, na ukumbi ukaenda nao. Umebaki ukuta mmoja. Kwenye mawe ya madirisha yake waashi walichonga majani ya mzabibu na vishada vya zabibu, tunda lisiloota katika nchi ile ya mvua, lililofika kwao likiwa divai ndani ya mapipa ya merikebu za Hispania na Ufaransa zilizotia nanga Galway. Zabibu hizo zilichongwa kwenye uso wa ndani wa dirisha, upande aliokaa mgeni.